Mwenye presha na mitishamba ya uzazi wa mpango: iruhusiwe au ipigwe marufuku?

Mama Tunu: Wakuu, salaam. Nina miaka 38, watoto wanne, na presha iliyonianza kwenye mimba ya mwisho. Nimemeza vidonge vya majira miezi saba. Kila mwezi napewa pakiti dirishani, na hakuna aliyenifunga mkanda wa kipimo hata siku moja. Wiki iliyopita kichwa kiliniuma mpaka macho yakawa mazito, nikapimwa duka la dawa: 162 kwa 104. Nimeacha vidonge. Sasa jirani kaniuzia unga wa mbegu za papai, umejaa kwenye chupa ya jemu, kijiko kimoja kila asubuhi. Anasema ni mti tu, hauna kemikali, hauwezi kupandisha presha. Nauliza: dawa kama hizi ziruhusiwe kuuziwa watu kama mimi, au zizuiwe mpaka utafiti uishe?

Mjukuu wa Mganga: Ziruhusiwe. Papai limefanyiwa utafiti India. Nyani walilishwa dawa ya mbegu zake, mbegu zao za kiume zikapotea, walipoachishwa zikarudi. Mnataka utafiti gani tena? Bibi yangu alizaa watano kwa kupishana miaka minne minne, na presha hakuijua.

Nesi wa Zamu: Pole dada, 162 kwa 104 si ya kuchezea. Mjukuu, rudia ulichoandika: mbegu za kiume. Wale walikuwa madume. Mama Tunu ameze unga ili nani aishiwe mbegu? Na bibi hakuijua presha kwa sababu hakupimwa. Duniani karibu nusu ya wenye presha hawajui kama wanayo.

Dada, vidonge vingi vya majira vina homoni inayoitwa estrojeni, na estrojeni inaweza kupandisha presha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema ukifika 160 kwa 100 usivitumie kabisa. Kitanzi cha shaba hakina homoni yoyote, kinakufaa.

Sungusungu: Nyie manesi mnalinda biashara ya wazungu. Na wanawake wa siku hizi chipsi asubuhi, chipsi jioni, mwili umefura, halafu mnasingizia vidonge.

Mama Tunu: Kaka, nina kilo 61 na chipsi sijala tangu Idi. Mama yangu alikuwa na presha, mama yake alikuwa na presha. Umeniona wapi nikafura?

Sungusungu: Sijakutaja wewe. Lakini mwenye kujishuku ndiye anayeitika.

Binti wa Pwani: Muombe radhi, ameleta ugonjwa wake hapa kwa heshima. Na niwaulize wanaume wote mliomo: mbona kumeza ni sisi tu? Vidonge sisi, sindano sisi, kijiti sisi, sasa na mbegu za papai sisi.

Mkulima wa Pamba: Wanaume walishameza, China, miaka ya 70. Yalikuwa mafuta ya karanga kama sikosei... hapana, ya mbegu za pamba. Kuna vijiji watu walipikia mafuta ghafi ya pamba, watoto wakawa hawazaliwi. Madaktari wakatoa humo kitu kinaitwa gosipoli, wakawapa wanaume zaidi ya 8,000. Ilizuia mimba kweli.

Sungusungu: Enhe! Iko wapi sasa? Wameificha.

Mfamasia Msaidizi: Haikufichwa. Wengine potasiamu ilishuka mwilini, misuli ikalegea mpaka kushindwa kusimama. Wengine waliacha dawa na uzazi haukurudi. Mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani likashauri utafiti huo uachwe.

Na hapo ndipo swali la dada lilipo. Mmea unaweza kugusa presha. Urukususu huu tunaotafuna kwa kikohozi, ukizidisha unapandisha presha na kushusha potasiamu. Halafu hao wanaosema vidonge ni kemikali na miti si kemikali: homoni ya vidonge vya mwanzo, noretisteroni, ilitengenezwa Meksiko mwaka 1951 kutokana na kiazi kikuu cha porini. Ni mti uleule. Tofauti ni kwamba kidonge kimepimwa, unajua kuna miligramu ngapi. Kijiko cha jirani nani amekipima?

Mjukuu wa Mganga: Kwa hiyo waganga wote ni matapeli? Babu yangu ametibu watu miaka 40.

Mfamasia Msaidizi: Hilo neno sijaliandika popote.

Mjukuu wa Mganga: Umeliandika kwa kuzunguka. Nchi hii ina sheria ya tiba asili tangu 2002. Na mwaka 2011 mbona mlipanga foleni Loliondo kwa kikombe cha dawa ya mti cha shilingi 500, wasomi mpaka viongozi?

Binti wa Pwani: Loliondo imeingiaje? Swali langu la wanaume halijajibiwa.

Juma wa Pili: Samahani, mimi ni msomaji tu. Nimeoa miaka mitatu, hatujapata mtoto, na nyumbani tunapikia mafuta ya pamba. Nimeshtuka hapo juu.

Mkulima wa Pamba: Tulia ndugu. Ya kiwandani yakisafishwa ile sumu inatolewa. Kama mnanunua yaliyokamuliwa kienyeji, meusi meusi, hayo acheni. Na mkapime wote wawili, usimpeleke mkeo peke yake.

Binti wa Pwani: Asante Mkulima. Umenijibu bila kujua.

Mama Tunu: Jamani, nimerudi. Leo siku ya tisa bila vidonge, 148 kwa 92. Mume wangu kasoma haya yote, anauliza kitanzi kinauma?

Nesi wa Zamu: Kinapowekwa tumbo linakaza dakika chache kama siku za hedhi. Miezi ya mwanzo damu inaweza kuwa nyingi kidogo, usiogope. Lakini 148 bado iko juu, na kitanzi hakitibu presha. Mwambie daktari akuanzishie dawa. Na hapo kituoni wakitaka kukupa kitu chochote, nyosha mkono kwanza ufungwe mkanda.

Mama Tunu: Tunakwenda wote Jumatatu. Chupa nimeirudisha. Jirani kaipokea, ila elfu tano yangu amekataa kunipa, anasema nilishaifungua.

Mjukuu wa Mganga: Ana haki. Dawa ikishafunguliwa hairudishwi, hata duka la dawa.