Samaki wanalegea gatini tukisubiri mizani, halafu tunaambiwa tumeleta samaki wabovu!

Wakuu, naandika nina hasira na sitazificha.

Boti inafunga gati kabla jua halijachomoza. Samaki wako safi, macho maangavu, matamvua mekundu. Mnada haufunguliwi. Mara karani hajafika. Karani akifika, wanunuzi wakubwa hawajatimia. Wakitimia, mizani imefungiwa ofisini na mwenye ufunguo katoka. Kuuza pembeni ni marufuku. Barafu tuliyotoka nayo baharini imeshageuka maji ya damu ndani ya kreti, na mashine ya barafu ya hapa imeharibika muda mrefu, hakuna anayeigusa. Ushuru tunatozwa kila tunaposhusha.

Ndipo anakuja mnunuzi, anabonyeza tumbo la jodari kwa kidole gumba, anasema "huyu kalegea", anamshusha daraja. Kalegea wapi? Kalegea hapa hapa, mbele ya macho yenu wanunuzi na watu wa ofisi ya bandari, mkitusubirisha!

Na hiyo mizani yenyewe ni ya mnunuzi. Iangalieni vizuri ikiwa tupu: mshale umelala chini ya sifuri. Hapo bado wanakata kilo za kreti kwa kukadiria, kisha wanakata tena "kilo za maji". Nahodha wetu aliomba kitu kimoja tu, kreti tupu lipimwe kwanza kila mtu aone. Akajibiwa kama hataki arudi na samaki wake baharini. Mtu mzima, mbele ya vijana wake.

Wasiojua kazi hii waelewe kinachofuata. Kwenye mauzo yanatoka kwanza mafuta, barafu na chambo, halafu fungu la mwenye boti na nyavu. Kinachobaki ndicho tunachogawana mabaharia. Mafuta hayapungui kwa sababu kilo zimepunjwa. Ukipunjwa kreti mbili, unaweza kukuta ndizo zilizokuwa riziki yako ya safari nzima.

Mlaji naye asidhani hayamhusu. Jodari na vibua wakikaa kwenye joto, bakteria wanatengeneza histamini ndani ya nyama. Ikishaingia, haitoki kwa kupika wala kwa kugandisha. Mtu anakula, uso unamwiva, mwili unawasha, kichwa kinagonga, moyo unamwenda mbio. Kwenye joto kama hili samaki anataka barafu karibu kilo kwa kilo, tena tangu anapotoka majini mpaka anapofika kwa mnunuzi. Sasa nani anayemweka juani saa nzima nzima, sisi au ofisi?

Wapagazi ndio wananiuma zaidi. Shirika la Kazi Duniani lina Mkataba namba 188 wa mwaka 2007 kuhusu kazi ya uvuvi, na unamhesabu hata mvuvi anayelipwa kwa mgao. Lakini mtu wa nchi kavu anayepanda botini kushusha mzigo, mkataba huo haumhesabu kuwa mvuvi. Pendekezo la shirika hilo hilo la mwaka 1967 linataka mwanaume mzima asibebe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Hapa kijana anabeba makreti mawili yaliyojaa barafu na samaki, anapita kwenye sakafu yenye utelezi wa magamba, na akianguka anakatwa malipo kwa samaki waliochafuka. Mgongo wake hakuna anayeuuliza.

Tunachotaka kinajulikana. Mizani iwe ya bandari, ikaguliwe na wakala wa vipimo wa serikali, ikae mahali ambapo muuzaji anauona mshale. Mnada uwe na saa yake, karani asipofika afungue mwingine. Ushuru utengeneze mashine ya barafu kabla ya kupaka rangi geti.

Kama kuna bandari ndogo ambayo wavuvi waliweza kuitoa mizani mikononi mwa wanunuzi, semeni mlianzia wapi. Mlipitia chama cha ushirika, mligoma kushusha, au mliwaita watu wa vipimo wenyewe? Nahitaji majibu ya watu waliofanya, maana wenzangu wameanza kusema tushushe samaki kwingine, na boti zikihama hapa, akina mama wanaopara na kukausha dagaa hawana pa kuhamia.