Matawi yenye pembe pana: yametanuka kiasi gani?

Chipukizi: Habari wadau. Kwenye majina ya mimea nakutana sana na divaricata, kama Phlox divaricata. Naambiwa ni matawi yaliyotanuka. Kiasi gani? Mti wowote uliosambaa si uko hivyo hivyo?

Mtazamamatumba: Karibu. Pembe hupimwa kwapani, pale tawi linapotokea, kuanzia upande wa ncha ya shina. Ikikaribia nyuzi 90 au kuzidi, hapo jina hilo linastahili.

Ila kwa vichaka vya Nyuzilandi, pembe peke yake haitoshi. Mtazame Corokia cotoneaster: kitawi chembamba kama waya kinachomoza, kinakwenda kombo kwenye kila kifundo, kinapita juu ya mwenzake, kisha kinarudi ndani. Majani ni madogo mno na mengi yamejificha katikati, nje unaona vijiti tu. Vuta kitawi kimoja, vingine vinakuja nacho.

Mwaka 1977 watafiti Greenwood na Atkinson walitoa hoja kwamba hiyo ni kinga dhidi ya moa, ndege wakubwa wasioruka ambao sasa wametoweka. Moa hakuwa na meno. Alidonoa na kuvuta, na mmea wa namna hii humpa jani moja moja kwa jasho. Mimi naikubali hoja hiyo. Pennantia corymbosa huwa na msongamano huo ukiwa mchanga tu. Ukishapita kimo cha ndege, matawi yananyooka na majani yanakuwa makubwa.

Kwapalajani: Jalidi je, yaani baridi ya kugandisha, haiwezi kuwa ndiyo sababu? Usiku hewa ya baridi hutuama chini, kwa hiyo mti mchanga ndio unaoumia zaidi. Hoja ya kimo inafaa pande zote mbili.

Mtazamamatumba: Ni kweli, na upepo nao unatajwa. Kinachonivuta upande wa ndege ni Madagaska. Kusini mwake, kwenye nchi kavu yenye joto ambako ni vigumu kusema sababu ni jalidi, kuna mimea ya umbo hili hili, na kisiwa hicho kilikuwa na ndege wake wakubwa wasioruka, Aepyornis. Bond na Silander waliliandikia jambo hilo mwaka 2007.

Chipukizi, ukiandika maelezo ya mmea wako, taja pembe ya matawi kivyake, halafu useme kama vitawi vimefumana au la. Phlox divaricata haina msongamano wowote wa aina hiyo, ingawa jina inalo.

Chipukizi: Nimeelewa, asante. Nitapima kwenye kwapa.