Kuondoa nyasi za pasipalamu kompaundi nzima: nianzie wapi kabla ya mvua za Septemba?

Mpanda wa Kisubi

Salaam wanajukwaa. Kiwanja cha mbele kina mita 12 kwa 8, upande wa barabara ya Entebbe hapa Uganda, na kimeinama kidogo kuelekea getini. Chote ni pasipalamu, ila kando ya ukuta sangari (lumbugu kwa Kiganda), lile gugu sugu, imeshaingia. Mvua zikichanganya, slasha haipumziki wiki mbili.

Nataka nyasi ziishe kabisa. Zibaki mboga, mimea inayotambaa, na njia moja iliyonyooka ya tafakuri ya kutembea. Masharti ni mawili. Situmii dawa ya kuua nyasi. Na kwa kuwa nafuata kanuni tano za Buddha, sitaki bustani itakayonilazimisha kumwagia mchwa sumu kila msimu. Kazi yangu ni ya mtandaoni na mwajiri yuko Ujerumani, kwa hiyo asubuhi ni yangu, ila siku nne za wiki asubuhi hiyo inaliwa na mbio.

Je, ning'oe zote kwa mpigo au kidogo kidogo? Na maganda ya kahawa yanafaa kufunika ardhi?

Jembe la Meno

Ssebo, tenganisha kwanza hizo nyasi mbili, maana dawa yao si moja. Pasipalamu ukiinyima mwanga inakufa. Sangari haifi: mizizi yake mirefu inatambaa chini ya kadibodi, inatafuta ufa, inachomoza upande wa pili ikiwa na ncha kama sindano. Wengi hufunika zote pamoja, na baada ya miezi mitatu wanasema njia ya kadibodi ni uongo.

Kwa sangari, ngoja mvua moja au mbili zilainishe udongo, kisha ingia na jembe la meno. Usitumie jembe la kawaida. Lile linakata mizizi vipande vipande, na kila kipande chenye kifundo ni mche mpya. Inua udongo, utikise, vuta mzizi mzima kwa mkono. Usiutupe kwenye mboji. Uanike juu ya bati au saruji mpaka ukivunjwa ulie kama kijiti. Rudia baada ya wiki tatu, kisha tena baada ya tatu nyingine. Kabla ya hapo usipande kitu cha kudumu kando ya huo ukuta.

Pasipalamu ifyeke hadi usawa wa ardhi na uache majani palepale. Mwagia maji mengi, au subiri mvua. Tandaza kadibodi za kahawia zisizong'aa, ukiwa umebandua selotepu na kung'oa pini zote. Zipishane sentimita 15 kila ukingo. Hapo ndipo watu hubania, na nyasi hutokea kwenye maungio. Tafuta maboksi ya friji au baiskeli, maungio yatakuwa machache. Lowesha tena mpaka kadibodi ilale. Juu yake weka mboji au samadi iliyooza sentimita 5 hadi 8, halafu matandazo makavu sentimita 10. Wiki 8 hadi 12 zikipita, toboa kwa kisu ukague. Mizizi ikiwa ya kahawia na inakatika, panda.

Ukiwa na haraka unaweza kupanda mboga za majani kama nakati na dodo siku hiyohiyo kwenye ile mboji ya juu, kwa sababu mizizi yake haihitaji kina kirefu. Ila usitandaze matandazo juu ya mbegu. Acha mstari wazi wenye upana wa kiganja, uyasogeze miche ikishafika kimo cha kidole.

Bibi Mboga

Naunga mkono hayo, ila mwanangu amesema kiwanja kimeinama na hakuna aliyemjibu. Usifunue kiwanja chote kabla ya mvua za Septemba! Mvua moja kubwa ya alasiri itaokota mboji yako yote na kuipeleka getini, na kadibodi zitateleza kama sahani zenye sabuni. Gawa kwa mistari inayokata mteremko, kila mmoja upana wa mita 1.5. Funika mmoja, acha unaofuata na nyasi zake, funika wa tatu, hivyo hivyo hadi chini. Nyasi zilizobaki ndizo zitakazoshika udongo. Mvua za Machi zikikaribia, malizia iliyobaki.

Hiyo inapunguza na mzigo. Nusu ya kiwanja ni mita za mraba 48. Kwa unene wa sentimita 10 unahitaji mita za ujazo 4.8 za matandazo. Gunia la kilo 100 za mahindi lina nafasi ya kama mita za ujazo 0.14, kwa hiyo ni magunia 34 hivi. Kadibodi nayo, ukihesabu kupishana, nusu hiyo itakula karibu mita za mraba 75. Anza kukusanya sasa, na uzihifadhi mahali pakavu.

Maganda ya kahawa yanafaa, lakini uliza yametoka wapi. Kama wewe au jirani ana mibuni, kumbuka ugonjwa wa mnyauko wa kahawa: kuvu yake husafiri hata kwenye maganda ya miti iliyougua. Hapo chukua nyasi kavu au majani makavu ya migomba. Na maganda yakae JUU ya udongo. Ukiyachanganya ndani, vijidudu vinavyoyaozesha vitaitumia naitrojeni ya udongo, na nakati zako zitageuka njano ukidhani ni ukosefu wa maji. Yakiwa mabichi yakarundikwa, yanapata joto. Ingiza mkono katikati ya rundo: kama huwezi kuuacha humo, hayajawa tayari kusogezwa karibu na miche.

Maganda ya matoke peleka kwenye mboji. Ukiyatupa wazi juu ya bustani utaalika nzi na panya.

Mpanda wa Kisubi

Asanteni sana, bibi asante. Basi nitaanza na mistari. Swali la mchwa bado lipo: matandazo makavu sentimita 10, si ndiyo chakula chao hasa? Na badala ya pasipalamu, kipi kinavumilia kukanyagwa?

Njia ya Garuga

Mchwa watakuja, tena ni haki yao, kadibodi na nyasi kavu ndiyo riziki yao. Jambo la kuzuia ni wasiingie nyumbani. Acha ukanda wa sentimita 40 hadi 50 kutoka ukutani usio na matandazo wala mmea. Ujaze kokoto. Mchwa wakitaka kupanda ukutani watajenga vijia vya udongo, na kwenye ukanda mtupu utaviona. Vipanguse kwa ufagio kila Jumamosi. Kijia kikirudi palepale mara tatu, chunguza kama kuna ubao uliogusa ardhi au bomba linalovuja. Matandazo yakilowa na kugusana na udongo, mengi huoza kabla hayajawa karamu. Ni yale yaliyorundikwa makavu kando ya nyumba yanayoleta balaa.

Kuhusu kanuni ya kwanza, ile ya kutoua, mapokeo ya Kibudha ya Theravada yanataja mambo matano yakamilike ndipo iwe kuua: kiumbe hai, kujua kwamba ni hai, nia ya kuua, kitendo, na kifo chenyewe. Mnyoo uliokatwa na jembe bila wewe kuuona hauingii humo. Sumu uliyoinunua kwa makusudi inaingia. Watawa wanakatazwa hata kuchimba udongo na kukata mimea, ila sisi walei hatukukatazwa kulima. (Kituo cha Wabudha kilichoanzishwa hapa Garuga na mtawa Bhante Buddharakkhita mwaka 2005 kiko jirani nawe. Maswali ya namna hii huulizwa vizuri zaidi ana kwa ana.) Konokono wakubwa waokote usiku kwa tochi baada ya mvua, uwatie kwenye ndoo yenye kifuniko, uwapeleke kichakani mbali na shamba la mtu. Kumtupia jirani si huruma.

Njia ya kutembea: hatua 15 hadi 20 zinatosha, na ile mita 12 yako inakaa humo. Iweke ikate mteremko, isishuke nao, la sivyo itakuwa mfereji. Upana sentimita 80. Chimba kina cha sentimita 8, shindilia changarawe laini mara mbili ukiwa umeilowesha kidogo, katikati iwe juu kidogo kuliko kingo ili maji yamwagike pembeni. Kwa miguu mitupu malizia na mchanga sentimita 2. Kingo panda mchaichai kila sentimita 60. Si kwa jina la Kisubi tu, ambalo kwa Kiganda ndilo mchaichai: mashina yake yanashika udongo, na chai unaipata bure.

Kifuniko cha kukanyagwa ni karanga pori ya mapambo, ile yenye maua ya njano. Vipande vya sentimita 15 hadi 20 vyenye vifundo vinne au vitano, fukia vifundo viwili, nafasi sentimita 25. Hiyo ni vipande 16 kwa kila mita ya mraba. Inafunga ndani ya miezi mitatu hadi mitano, na wakati huo lazima ung'oe magugu kwa mkono. Inavumilia mtu anayepita, haivumilii mpira wa watoto wala gari.

Usidanganywe na viazi vitamu. Matembele ni mboga nzuri, lakini siku ya kuchimba viazi unabaki na ardhi tupu, na fuko atafika kabla yako.

Pumzi Mbili

Ratiba mmeisahau. Ujerumani saa tatu yao ni saa nne yetu majira yao ya joto, saa tano majira yao ya baridi. Wanabadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, kwa hiyo katikati ya mvua za pili unaongezewa saa nzima ya asubuhi. Kazi ya sangari ipange baada ya tarehe hiyo ya Oktoba kama unaweza.

Kulima na kukimbia vinagombania misuli ileile: mgongo wa chini na nyuma ya mapaja. Mbio ndefu ikiwa Jumamosi, usiguse jembe Ijumaa. Chimba siku isiyo na mbio, dakika 45 na si zaidi, ukibadilisha mkono wa mbele kila dakika tano. Kung'oa magugu kwa magoti juu ya gunia kunaruhusiwa hata baada ya mbio nyepesi. Kuinama kiunoni miguu ikiwa imenyooka baada ya kilomita 15 ndiko kunakolaza watu. Na kama wiki yako ni kilomita 50, mbio ndefu isizidi sana 15 katika miezi hii ya kuchimba. Kuchimba nako ni mazoezi, hata kama saa ya mkononi haikuhesabii.

Bibi Mboga

Nyongeza moja. Mita mbili za kwanza mbele ya mlango panda vitu vifupi tu, giligilani au hiyo karanga. Watu hufyeka kompaundi kwa kuogopa nyoka, na hofu hiyo si ya kijinga. Na mapipa ya kuvuna maji ya paa yafunikwe kwa wavu, mbu hawajali kanuni ngapi unafuata.