Kuunganisha gridi za Afrika Mashariki: nani anafaidika, na mazingira yanalipa nini?

Mlipa Luku:
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Bwawa la Julius Nyerere, ambalo mtambo wake wa kwanza uliwashwa Februari 2024, lina uwezo wa kuzalisha megawati 2,115. Hata hivyo, Machi 2025 Serikali ya Tanzania ilieleza nia ya kununua umeme wa Ethiopia, kupitia Kenya, kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini. Ninaomba wenye ujuzi wanieleweshe mantiki ya kiuchumi ya kununua kitu tulicho nacho, pamoja na athari zake kwa mazingira.

Fundi wa Msongo Mkubwa:
Umeme wa bwawa hilo unazalishwa Rufiji, ilhali wateja unaowazungumzia wako Arusha na Kilimanjaro. Waya unaopitisha mkondo mkubwa kwa umbali mrefu hupata joto, na joto hilo ni umeme uliokwisha kuzalishwa kwa gharama lakini haumfikii mteja. Ndiyo maana msongo, yaani nguvu inayosukuma umeme kwenye waya, una uzito mkubwa katika hesabu hizi: ukiupandisha kutoka kilovoti 220 hadi 400 kwa kiasi kilekile cha umeme na kwa waya uleule, mkondo hupungua karibu nusu, na upotevu hushuka hadi chini ya theluthi moja ya ule wa awali. Njia mpya ya kilovoti 400 kutoka Isinya, nchini Kenya, hadi Singida inapita Arusha, na Arusha iko karibu zaidi na Isinya kuliko na Rufiji. Isitoshe, nyaya hizo hizo zinaweza kupeleka ziada yetu Kenya pale wenzetu wanapoihitaji, kwa hiyo kununua upande mmoja na kuuza upande mwingine ni biashara halali kabisa.

Mkazi wa Kasulu:
Naomba mtutazame na sisi wa Magharibi, maana huku mabadiliko yanaonekana kwa macho. Kabla ya gridi ya Taifa kutufikia mwaka 2022, umeme wetu ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na mafuta yake yaliletwa kwa malori kutoka mbali sana. Gharama ya kuzalisha uniti moja ilizidi bei aliyouziwa mteja, pengo ambalo shirika la umeme lililazimika kulibeba, na moshi ukabaki kwetu. Leo mwenye mashine ya kusaga anaweza kufunga mota mahali pa injini ya dizeli, na fundi wa kuchomelea anaweza kupokea kazi ya mageti bila kuhofia ratiba ya mgao. Lakini jikoni bado ni mkaa na kuni. Anayedhani kwamba nguzo pekee zitaokoa misitu ya Kigoma atazame kwanza bei ya jiko la umeme na kipato cha familia.

Mpenda Ziwa:
Mnapima gharama za upande wetu tu. Umeme wa Ethiopia unaoingia Kenya kupitia njia ya umeme ya Sodo (Ethiopia) hadi Suswa (Kenya) unatoka katika gridi ambayo moja ya vyanzo vyake vikubwa ni Gibe III, bwawa la megawati 1,870 kwenye mto Omo, na mto huo ndio unaoleta sehemu kubwa mno ya maji ya Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya. Mwaka 2018 UNESCO iliziweka hifadhi za ziwa hilo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na bwawa hilo likiwa sababu kuu. Mvuvi wa Turkana hayumo katika bei ya uniti tutakayolipa.

Fundi wa Msongo Mkubwa:
Hoja yako ni nzito, ndugu yangu. Gibe III limekwisha kujengwa na litazalisha umeme hata tusiponunua, ila fedha za wanunuzi ndizo zinazoyapa nguvu mabwawa yanayofuata, na bwawa jingine la Ethiopia, Koysha, linajengwa kwenye mto uleule. Kwa hiyo mkataba wa ununuzi ungepaswa kuambatana na masharti ya kiasi cha maji kitakachoachiwa ziwa kwa misimu, na yajadiliwe sasa, wakati mnunuzi bado ana sauti mezani.