Je, hongo ya misafara ilikuwa kodi au rushwa?

Katika mazungumzo yetu hapa Nairobi kuhusu Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, mwenzetu mmoja alidai kwamba ufisadi ni urithi wetu wa kale, kwa kuwa hata watemi, yaani watawala wa jadi, wa bara walipokea hongo kabla ya ukoloni. Naomba kumpinga, kwani dai lake linategemea neno lililohama maana.

Hongo waliyotozwa wafanyabiashara wa karne ya 19 katika njia ya Bagamoyo hadi Tabora, hasa Ugogo, katikati ya Tanzania ya leo, ilikuwa malipo ya kupita katika nchi ya wenyewe. Ililipwa kwa doti za vitambaa vya merikani na kaniki, kwa ushanga na kwa nyaya, tena mchana kweupe, baada ya majadiliano ambayo yangeweza kuchukua siku kadhaa huku wapagazi wakisubiri. Ugogo ni nchi kame, na msafara wa mamia ya watu ulihitaji maji ya visima vya wenyeji pamoja na nafaka yao; asiyelipa angeweza kunyimwa vyote viwili. Wasafiri wa Kizungu, Burton aliyepita huko mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, waliilalamikia sana hongo hiyo. Ni mlipaji gani asiyelalamika? Sultani wa Zanzibar naye, kwa mkataba wake na Marekani wa mwaka 1833, alitoza ushuru wa asilimia 5, na sijasikia ukiitwa rushwa.

Sitaki, hata hivyo, kuwapamba watemi. Kiwango hakikuwa kimeandikwa popote; kilikadiriwa kwa kutazama ukubwa wa msafara, na msafara uliomaliza kulipa kwa mtemi mmoja ulianza upya kwa jirani yake. Nadhani ukadiriaji huo ndio uliolisogeza neno kuelekea maana ya leo, ingawa Watanzania, ambao Ugogo iko kwao, katika sheria zao husema zaidi rushwa.

Lakini askari anayepokea noti kutoka kwa makanga wa matatu, hata abiria wote wakimwona, anauza ruhusa ambayo si yake, ilhali Kifungu cha 210 cha Katiba kinakataza kodi yoyote isiyowekwa kwa sheria. Mtemi alitoza kwa mamlaka ambayo watu wake waliyatambua. Anayeshikilia kwamba mambo haya mawili ni kitu kimoja atueleze kwanza ni nani mwingine, katika Ugogo ya mwaka 1857, aliyekuwa na haki ya kutoza.