Mrejesho: rangi za mafuta kwenye kile kifaru changu cha T-34

Wakuu, wiki tatu zilizopita niliuliza kwa nini rangi ya mafuta ya wachoraji niliyopaka kwenye modeli yangu ya T-34 (kifaru cha vita cha Kisovieti), kipimo cha 1:35, yaani ndogo mara 35 kuliko halisi, ilibaki inang'aa, huku kijani cha chini kikichubuka. Nimerudi.

Kuchubuka lilikuwa kosa langu. Niliizimua rangi ya mafuta kwa tina ya mafundi wa kupuliza magari, na ile hula akriliki, yaani hicho kijani cha chini, kama mchwa. Safari hii nilipuliza vanishi kwanza, nikaiacha siku mbili, kisha nikatumia waiti spiriti, kizimuo kisicho kikali kama tina. Hakuna kilichobanduka.

Kung'aa kulitokana na mafuta ya kitani yaliyomo kwenye rangi. Mlioniambia niikamulie kwanza kwenye kipande cha boksi, asanteni mno: baada ya saa tatu hivi boksi lilikuwa limenyonya mafuta, na rangi ikakauka bila mng'ao.

Kilichonikosha zaidi ni michirizi ya kutu. Unaweka nukta ndogo ya siena iliyochomwa (rangi ya kahawia-nyekundu) chini ya bawaba, unasubiri dakika chache, halafu unaivuta kuelekea chini kwa brashi bapa iliyoloweshwa spiriti na kufutwa karibu ikauke. Ukikosea, futa uanze upya. Rangi hii haina haraka. Nyeupe kidogo juu ya mnara wa mzinga imefanya kijani kionekane kimepigwa jua miaka.

Magurudumu bado. Nilizidisha kahawia, yanafanana na maandazi yaliyoungua.