MJADALA: Tatizo la vyombo vya habari na makampuni mtandaoni sio uzee, ni kung'ang'ania usemi

Wadau hili tulijadili bila kuoneana haya. Kila mara kampuni kubwa au kituo cha TV kikichemsha mtandaoni utasikia ah wale wazee hawajui mambo ya vijana, waajiri vijana wawili watatu mambo yatakaa sawa. Mimi nakataa. Vijana wameajiriwa kibao na bado wanachemsha. Hawa wakubwa wamezoea kurusha kitu na sisi tukipokee kama kilivyo, sasa huku mtandaoni kitu kinapendwa pale watu wanapokichukua wakakikata wakakigeuza wakakitania na mwenyewe hana tena usemi, na hapo ndipo roho inawauma.

Angalieni Quibi, app ya video ya kulipia. Jeffrey Katzenberg, mtu aliyewahi kuongoza studio za Disney, alikusanya dola bilioni 1.75, bosi mtendaji akawa Meg Whitman aliyewahi kuongoza eBay, lile soko la mtandaoni, mastaa wa Hollywood wakajaa mle, vipindi vifupi vya kuangalia kwenye simu. Ilizinduliwa Aprili 2020, watu wamejifungia ndani na simu mkononi, halafu ukijaribu kupiga skrinshoti unapata picha nyeusi! Yaani unaanzisha kitu cha simu halafu unamzuia mtu kumtumia mwenzake kipande kimoja cha kuchekea, sasa meme, zile picha na video za utani, zitatoka wapi, na bila meme nani atajua kama upo? Desemba hiyo hiyo wakafunga. Najua kulikuwa na sababu nyingine, korona, malipo ya kila mwezi, YouTube na TikTok za bure, lakini ile skrinshoti kwangu inaonyesha jinsi walivyokuwa wanafikiri.

Kuna na wanaoingia kwa pupa. 2014 wanawake Twitter walikuwa wanaeleza kwa nini walibaki kwenye ndoa na mahusiano ya kipigo, hashtagi #WhyIStayed, DiGiorno wauza pitsa wakaidandia kutangaza pitsa. Wakaomba radhi wakisema hawakusoma kwanza ilihusu nini. Hiyo nayo ni uzee? Ni mtu anayeona watu wamekusanyika anaona soko tu, hata kusikiliza wanaongea nini hataki. McDonald's 2012 nao walilipia #McDStories wakitegemea sifa, watu wakamwaga malalamiko yao, ndani ya masaa mawili hivi wakaacha kuitangaza.

Sasa linganisheni na Duolingo, app ya kujifunza lugha yenye nembo ya bundi. Watumiaji wenyewe ndio waliotengeneza meme za yule bundi anayekutisha ukiruka somo, kampuni nyingine ingetuma mwanasheria. Wao 2019 wakaucheza utani huo huo siku ya wajinga, baadaye bundi akahamia TikTok na vituko vyake na watu wakampenda. Hawakuwa na uchawi wowote, waliacha watu wacheze na mali yao. Kwingine posti moja inapita kwa meneja, kwa mwanasheria, kwa wakala wa matangazo, ikirudi utani wenyewe ushapoa, na yule kijana mliyemwajiri amekaa anasubiri ruhusa.

Hoja ya upande wa pili naijua, na ina uzito. Gazeti haliwezi kukimbia kama akaunti ya vichekesho, likikosea linashtakiwa, na mimi sitaki wahariri waache kuhakiki ili wawahi kutrendi, hilo kwa kweli litatuumiza sote. Pia kuna vitu huwezi kuwaachia watu kabisa, 2016 taasisi ya utafiti ya Uingereza, NERC, iliomba umma upendekeze jina la meli, Boaty McBoatface, jina la utani tu, likaongoza kura, serikali ikakataa na meli ikaitwa Sir David Attenborough. Lakini jina la wananchi hawakulitupa, walikipa chombo kidogo kinachozama baharini kufanya utafiti. Kwa hiyo kuachia nusu inawezekana, na kuhakiki habari hakukulazimishi kufuta kila kipande cha kipindi chako ambacho mtu amekikata akakiwekea maneno.

Wanaosema tatizo ni umri waje na mfano hapa, kampuni iliyojaza vijana, ikabakiza ruhusa zote kwa mabosi, na bado ikapendwa mtandaoni. Mimi sijauona.